Gari Lililotoka Kwenye Theluji

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikiona kijana ameinamia simu anachagua gari. Jana uliponionyesha picha za hilo la kwako, la mtumba, refu, linalovuta magurudumu yote manne, nilicheka moyoni. Umesifia rangi, umesifia na muziki wake. Sikukatazi, gari ni zuri kweli. Ila kaa kwanza, chai bado iko jikoni.

Nilikuwa binti wa rika lako, fundi cherehani, nina kibanda changu mjini, Buzuruga karibu na stendi. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi upande wa kulia, na kila mwezi ilibidi aletwe mjini hospitali. Kiangazi hakukuwa na shida. Masika ndiyo ilikuwa kazi, maana kati ya kwetu kijijini na barabara ya lami kuna mbuga ya udongo mweusi, na wewe unaujua udongo ule ukilowa. Masika iliyotangulia walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ukazama katikati ya mbuga, akanyeshewa mpaka wakamrudisha nyumbani bila kumwona daktari. Baada ya hapo mkono uliokuwa umeanza kushika kikombe ukalala tena. Baba alikwenda zizini, akatoa ng'ombe wa kuuza, na mimi nikaongezea akiba yangu ya ushonaji. Tulikuwa na nafasi ya kununua gari moja tu. Tukikosea, hakukuwa na ng'ombe wengine wa kutoa.

Basi tukaenda kwenye yadi moja ya magari kule Pasiansi. Sikuchukua muda kuchagua. Lilikuwapo moja la kijani kilichoiva, limeinuka juu, na nilipofungua mlango nikaona viti vya kitambaa cha kijivu vimeshonwa, mwanangu, mshono umenyooka mwanzo hadi mwisho, hakuna uzi uliochomoza. Mimi fundi, nitaangalia nini kingine? Nikamwona mama yangu amekaa pale kama malkia. Nikamwambia kijana muuzaji tumelipenda.

Baba yeye alikuwa bado anazunguka. Alikuwa mfugaji, gari aliliangalia hivyohivyo anavyoangalia ng'ombe mnadani, anarudi nyuma, anainama, anaweka kiganja ubavuni kama linapumua. Mimi natazama pembeni kwa aibu, maana wateja wengine walishaanza kutabasamu. Halafu akaingiza mkono chini ya kiti akatoa kitu. Ilikuwa brashi yenye mpini mrefu, upande mmoja manyoya, upande mwingine kama mwiko bapa wa plastiki. Akauliza ni ya nini. Kijana akasema labda ya kuoshea gari. Baba akaigeuza geuza, akasema ya kuoshea haiwezi kuwa na mwiko. Nikamwomba aiache, tuna safari. Hakuiacha.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi binti yake, "ng'ombe wa mnadani simshiki mkia kabla sijaambiwa alikulia wapi, alikunywa maji gani. Hili nalo lilikulia mahali. Wapi?"

Kijana hakujua. Alisema tangu aanze kazi ile hajawahi kuulizwa. Lakini alikuwa mtu mwema, akampigia simu tajiri yake, akarudi anacheka: gari limetoka Japani, upande wa kaskazini, kwenye theluji, na ile brashi ni ya kufagilia theluji juu ya gari asubuhi. Hapo hata mimi nikasahau haraka yangu. Kumbe kuna watu wanafagia gari! Baba akataka kujua yote. Theluji ikilala barabarani wanapitaje? Magari hayatelezi? Kijana akapiga simu tena, nadhani tajiri alianza kuchoka nasi, akatuletea jibu kwamba wanamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke.

Tulitazamana, mimi na baba. Neno chumvi wafugaji tunalijua. Nyumbani chumvi ya ng'ombe tuliiweka kwenye debe, na debe lile kwa juu linang'aa kama limenunuliwa leo, kumbe chini linaliwa polepole. Nikiwa binti mdogo nilitumwa kulileta zizini, nikalinyanyua, kitako kikabaki chini na chumvi yote ikamwagika miguuni pangu. Nilichapwa siku hiyo. Na hili gari limekanyaga chumvi miaka mingapi?

Nikatandika kitenge, nikaingia uvunguni. Kulikuwa na rangi nyeusi mpya, safi. Nikaona haya mwenyewe, kwa sababu nguo ya mtumba siinunui kabla ya kuigeuza ndani nje, na gari nilitaka kulinunua kwa kuangalia upande wa kuvalia tu. Nikatoa mkasi kwenye mkoba. Mkasi wangu wa kitambaa sikuuruhusu ukate hata karatasi, lakini siku hiyo nilikwangua nao chasisi. Rangi ikatoka magamba magamba, kutu ikanimwagikia usoni, na ncha ya mkasi ikazama kwenye chuma kama kwenye andazi. Kijana naye aliingia akaona mwenyewe.

Hatukulinunua. Tulirudi mara kadhaa, tukapata jingine lililotoka sehemu ya joto, na safari hii nilianzia uvunguni. Lilikuwa baya, mwanangu, sitakudanganya. Rangi ya vumbi, viti vimechanika, moshi wake ulikera. Viti nilivishonea mwenyewe foronya za kitenge. Masika ilipofika, kaka yangu, aliyekuwa akiliendesha, akalitia mbugani na mama ndani, nami nyuma nimemshika begani. Liliyumba, likanguruma, likatokea ng'ambo. Mama alisema neno moja tu kwa ule mdomo wake ulioinama upande: "Tumefika?"

Gari lile lilimpeleka hospitali masika zote ambazo Mungu alimwachia. Mkono ukashika kikombe tena. Na siku Mungu alipomwita, ndilo lililomrudisha kwetu kumzika, mvua ikinyesha, halikukwama.

Nasaha yangu ni hii. Kabla ya kuuliza gari lina nini, uliza lilikulia wapi, na liliishi maisha gani huko. Picha za simu hazionyeshi uvunguni, kwa hiyo nenda mwenyewe, lala chini, chafuka. Ukiuliza mpaka muuzaji achoke, na wanaokusikia wakacheka, waache wacheke, kwa sababu wao hawatakuwapo mbugani. Na kabla ya yote jiulize ni nani utampakia. Ukimjua huyo, utajua mwenyewe ni kwa kiasi gani uulize.

Haya, nenda ukaangalie gari lako. Mungu akupe macho ya kuona chini ya rangi, akupe chombo kizima na watu wa kuwapakia, na kila utakayempakia amfikishe.