Mkono Uliotia Chumvi

Kosa la Pyo Nan-hui lilidumu sehemu ya kumi ya sekunde. Bibi mmoja wa kuchorwa, ndani ya gemu ya simu, anachota chumvi kwa ncha za vidole viwili na kumnyunyizia samaki. Basi. Kwa hilo watu elfu nne walitaka afukuzwe kazi, na walitaka afukuzwe kabla ya chakula cha mchana.

Nieleze, maana hata upuuzi unahitaji maelezo. Hapa Korea wapo wanaume, tena waliosoma vyuo vikuu, wanaoamini kwamba mwanamke akikaribianisha kidole gumba na cha shahada anacheka udogo wa maumbile yao. Zamani kidogo kulikuwa kweli na kikundi cha wanawake mtandaoni kilichotumia alama hiyo kuwakejeli. Kikundi kilikufa, hofu ikabaki, ikanenepa. Sasa kuna watu wanaokaa wakisimamisha matangazo ya biashara na gemu, picha moja baada ya nyingine, wakiwinda vidole. Wakivipata, kampuni inaomba radhi. Wawindaji wenyewe hawanishangazi. Nimeishi nchi nyingi na kila nchi ina wapumbavu wake. Kinachonichemsha damu ni kampuni.

Nan-hui alizaliwa Gumi, mama yake akiwa na duka la madaftari mbele ya shule ya msingi. Nje ya duka palikuwa na mashine mbili fupi za gemu, na vigoda vya plastiki ambavyo watoto walivikalia magoti yakigusa kidevu. Alijua kucheza kabla ya kujua kusoma. Alipofika miaka tisa wavulana walipanga foleni kumshinda. Mmoja, aliyefungwa mara sita mfululizo, alichomoa waya ukutani. Mama akatoka na ufagio.

“Umeshindwa na mtoto wa kike, unauonea umeme?”

Baadaye zikaja kumbi za kompyuta, na Nan-hui akahamia huko na jina la kiume, kwa sababu wenye majina ya kike walikuwa wanasumbuliwa. Akiwa na miaka kumi na tisa aliwaongoza wachezaji arobaini kuiteka ngome. Katikati ya vita alisahau, akafungua maikrofoni na kutoa amri kwa sauti yake. Kisha mmoja akauliza kama anajua kupika. Ngome waliiteka, lakini hakufungua tena maikrofoni. Alivunja uchumba na mwanamume mzuri tu, karani wa benki, aliyemtaka aache gemu siku za Jumapili. “Angesema niache kanisa ningefikiria,” aliniambia.

Kwa hiyo alipoingia kwenye studio ile ya Pangyo, mtaa wa kampuni za kompyuta na gemu kusini mwa Seoul, kuchora miendo ya wahusika, aliingia nyumbani. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi hiyo. Mle kila mtu anaitwa kwa jina na “nim” ya heshima mwishoni, kuanzia mkurugenzi hadi mpokea wageni, ili ionekane hakuna mkubwa. Mkubwa yupo. Anaitwa Ma Gwang-il, mtu wa Andong, mji wa vibua wa chumvi, na hawezi kumaliza mkutano bila kuwataja.

Walipokuwa wakitengeneza gemu ya mgahawa wa bibi, ni yeye aliyekataa michoro ya kwanza. “Chumvi haitupwi kama mbolea!” alisema. Akakunja mikono ya shati, akasimama mbele ya kamera, akachota chumvi kwa vidole viwili na kuinyunyizia sahani tupu. Nan-hui alichora juu ya video hiyo. Aliongeza makunyanzi na pete. Mkono wenyewe ulikuwa wa Gwang-il.

Gemu ilichezwa miaka miwili kwa amani. Halafu Jumanne moja mtu akasimamisha picha, akaizungushia duara jekundu na kuandika kwamba studio imewaficha wachukia wanaume. Kufikia saa nne asubuhi gemu ilikuwa imeshuka hadi nyota moja. Mtu mwingine alichimba akapata jina la mchoraji, akaona ni la mwanamke, na kwao hiyo ikawa hukumu. “Huyu hajawahi kucheza gemu maishani,” waliandika. Nan-hui! Wengine wao huenda aliwaongoza kwenye ngome ile.

Saa tano Gwang-il alimwita chumba cha mikutano.

“Nan-hui-nim, keti. Umekula?”

“Sijala. Sema tu.”

“Ni barua. Nusu ukurasa. Kwa mkono.”

Hapa radhi iliyochapwa si radhi. Waimbaji, wanasoka, hata wabunge, wakikosea huchukua kalamu na karatasi nyeupe, huandika, hupiga picha, huweka mtandaoni. Herufi zikitetemeka kidogo ni bora zaidi. Gwang-il alikuwa ameshanunua karatasi.

“Niandike nini?”

“Kwamba hukukusudia. Kwamba umejitafakari.”

“Kama sikukusudia, najitafakari nini?”

“Usianze, tafadhali.”

“Mkono ni wako, Gwang-il-nim. Video ipo kwenye kompyuta yangu.”

Gwang-il aliutazama mlango. “Najua.”

“Basi sema. Sema ni mkono wa mzee wa miaka hamsini na mbili kutoka Andong. Watanyamaza sasa hivi.”

“Watasema nawalinda ninyi wanawake. Watanigeukia mimi. Nina watoto wawili, Nan-hui-nim.”

“Na mimi nina nini, paka?”

“Si unaye paka,” alisema, bila dhihaka. Aliwahi kuonyeshwa picha yake.

Akampa hadi saa kumi na moja jioni. Asipoandika, mkataba umekwisha siku hiyohiyo. Akiandika, atabaki; lakini wote wawili walijua barua ya namna hiyo haifi. Ina jina lako na mwandiko wako. Studio zote za Pangyo humtafuta mtu mtandaoni kabla ya kumwita, na wangemkuta pale, amekiri kwa kalamu yake mwenyewe kosa ambalo hakulifanya.

Kwenye ngazi alimkuta Ban Chae-rim, mchoraji wa miaka ishirini na sita, macho mekundu. Mbele za watu walikuwa “nim”. Wakiwa wawili alimwita dada.

“Dada, wameniambia niubadilishe mkono. Bibi atie chumvi kwa kijiko.”

“Kijiko kinashikwaje?”

Chae-rim alinyanyua mkono na kushika kijiko cha hewani. Kidole gumba, kidole cha shahada. Wakautazama.

“Basi ngumi,” akasema Chae-rim.

“Bibi ampige samaki ngumi?”

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kicheko kilipokwisha Chae-rim akasema kwa sauti ndogo, “Andika tu, dada. Watasahau.”

“Wewe ungesahau?”

Chae-rim akafuta macho, akarudi kwenye meza yake.

Saa kumi Nan-hui alichukua kalamu. Aliandika polepole, mwandiko wa mtoto wa muuza madaftari, umenyooka: *Mimi Pyo Nan-hui nimecheza gemu tangu nina miaka mitano. Nimechora mkono unaomtia samaki chumvi. Sijamtukana mtu. Siombi radhi.* Akaweka sahihi.

Gwang-il aliisoma akiwa amesimama. “Hii siwezi kuitoa.”

“Ulitaka ya mkono. Hiyo ya mkono.”

“Unajua maana yake?”

“Naijua kuliko wewe.”

Alitoka amekumbatia kibodi yake. Ndani ya chumba kile kulikuwa na watu ishirini na sita, wengi wao walioiona ile video ikipigwa na kucheka siku hiyo. Hakuna aliyeinua kichwa. Jambo hili sitawasamehe, ingawa hakuna aliyeniomba msamaha.

Saa kumi na moja kampuni ilitoa radhi iliyochapwa: mfanyakazi aliyehusika ameondolewa. Maoni yakamiminika. Mbona imechapwa? Unyofu uko wapi? Kabla ya saa moja Gwang-il aliketi, akaandika ukurasa mzima kwa kalamu, akaomba radhi kwa niaba ya wafanyakazi wake. Wachezaji waliusifu mwandiko. Mkono ni wa nani, hakusema. Wiki iliyofuata gemu ilirekebishwa: bibi amesimama, mikono nyuma, na chumvi inamwangukia samaki kutoka juu, yenyewe, kama theluji.

Nan-hui ameitwa kwenye usaili mmoja tu tangu hapo. Kijana aliyemhoji alisifu kazi zake kwa muda mrefu, kisha akainamia meza.

“Samahani, wewe ndiye yule wa vidole?”

“Ndiye.”

“Wanasema ulikataa kuandika barua.”

“Niliandika. Niliandika kwamba siombi radhi.”

Kijana akafunga kompyuta yake na kumwambia watampigia. Huu ni mwezi wa tano anasubiri.