Mlenda wa Mama Hadija

Nilipokuwa mtoto pale Ihanja nilitapika chakula cha mwanamke mwema mbele ya wageni wake, na mpaka leo nikikumbuka natema mate. Wala si kwa ajili ya mlenda, jamani! Ni midomo ya watu, na wangu ukiwemo.

Mama Hadija alikuwa na duka pale barabarani. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, mafuta ya alizeti ya kupima. Jogoo hajawika, yeye kashafagia, kashateka maji, kashabandika uji. Mume alimfia mapema, akalea watoto sita kwa duka hilo hilo. Na ukienda kununua kiberiti tu, hutoki hujala. "Utaondokaje kwangu na njaa, mwanangu?" Nyuma ya duka kulikuwa na mkeka, na mkeka ule haukukosa watu wanatafuna. Weee, watu walikula!

Tena mwanamke akifa kijijini, anaitwa yeye kuosha maiti. Wenzake wanarudi nyuma wameziba pua, yeye anafunga kanga anaingia. Hapo ndipo maneno yalipopata njia.

Bibi yangu, Mungu amsamehe, alikuwa anauza vitumbua mbele ya nyumba yetu. Hanunui mtu. Vinakauka mpaka ungeweza kumpiga navyo mbwa akalia! Siku moja akanivuta sikio.

"We Zena, ole wako ule kwa yule. Unadhani watu wanajaa pale bure? Maji anayooshea maiti anayabeba, anatilia kwenye mboga. Ukionja mara moja, kesho miguu inakupeleka yenyewe."

Mimi nishaonja mara mia! Usingizi ukaisha.

Haikupita wiki, mama akanituma sabuni. Mama Hadija akanikalisha kwenye mkeka, pamoja na wageni wake wa kutoka Mandewa na kina mama wawili wa jirani. Ugali wa uwele, mlenda wa karanga. Nikachovya tonge. Mlenda ukavutika, ukavutika, na mimi naona maji ya maiti tu. Nikameza, ukarudi. Nikatapika palepale kwenye sahani, nikapiga kelele: "Sitaki maji ya maiti!"

Jirani mmoja akaweka tonge lake chini, akajifuta vidole kwenye mkeka. Yule mwingine akauliza, "Jamani, mtoto kayatoa wapi haya?" Kayatoa wapi! Nilimwona kwa macho yangu yuko jikoni kwetu anayakoleza na bibi. Ptuu!

Mama Hadija akanifuta mdomo kwa pindo la kanga yake, akaondoa sahani, akavuta bakuli la mlenda akala peke yake mpaka likaisha. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kuanzia hapo mkeka ukabaki mtupu. Yeye kila siku anapika sufuria lilelile kubwa, anasubiri, jioni anawamwagia kuku. Kuku wakanenepa, na watu wakaogopa mpaka kuku! Nacheka, lakini mwanamke alikuwa anakonda.

Miezi mitatu baadaye bibi akafa. Wale waliokuwa wanakoleza maneno jikoni, hata mmoja hakutaka kumwosha. Huyu kiuno, yule presha. Mama yangu akaenda dukani analia. Mama Hadija akafunga duka, akaja.

Kabla hajaingia kwa maiti akaniita nyuma ya nyumba, pale walipochimba shimo la kupokea maji ya kuoshea.

"Zena, simama hapa. Angalia maji yanakokwenda."

Nikasimama. Maji yakatoka, yakazama shimoni, mpaka tone la mwisho. Akatoka, akachukua jembe, tukafukia wote wawili.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi kawaambie wenzio kule mbele. Wewe ndiye uliyesema, mimi wakinisikia hawataniamini."

Nikaenda. Wamekaa pale wanachambua mchele, wote wakaniangalia. Nikisema, watauliza nani alinidanganya. Na bibi yuko ndani, hajazikwa. Nikasimama weee, mwisho nikaomba maji ya kunywa.

Watu walirudi kwa Mama Hadija mwaka mvua zilipokataa. Walirudi kwa njaa, mmoja mmoja, kama hawajawahi kusema kitu. Yule aliyejifuta vidole alikaa karibu kabisa na sufuria. Na Mama Hadija akawapakulia, akaendelea kupakulia mpaka amekuwa kikongwe anauza dukani amekaa kwenye kigoda. Tumemzika juzi tu hapa. Hao hao ndio waliogaragara, "Mama yetu! Mama yetu!" Nilitamani kuwatapikia.

Lakini mimi je? Miaka yote ile nilikuwa naingia, "Shikamoo mama." "Marahaba Zena, umekula?" Nakaa, nakula, nasema asante, naaga. Hakuwahi kuniuliza kama niliwaambia. Mdomo huu wangu mnaoujua, nikicheka unasikika mpaka ng'ambo ya barabara, ni siku ile moja tu ulihitajika. Nikaomba maji.