Mjomba Alipoifungia Waifai Ndani ya Chuma

Mjomba wangu hakuwahi kuamini kitu kisicho na kufuli. Ujana wake na utu uzima wake wote uliishia kwenye vijiji vya machimbo huko Geita, akinunua dhahabu kwa wachimbaji wakitoka tu kwenye duara, lile shimo la kuchimbia, bado wana vumbi puani. Kasha lake la chuma alililaza chini ya kitanda. Akioga, ufunguo uko shingoni. Akisali, uko shingoni. Alipochoka akarudi Kahama, kasha akaliuza, lakini ile kamba ya ufunguo hakuivua, na mdogo wangu alipompa jina la alama alimpa hiyo hiyo: ngumi inayozungushwa kifuani, kama mtu anafungua mlango.

Mdogo wangu ni kiziwi. Homa ilimchukulia masikio akiwa na miaka minne, na mtaani wakamwita bubu, hata watu wazima wenye akili zao. Viziwi hawaitani kwa haya majina yetu ya mdomoni. Kila mtu hupewa alama yake ya mkono, huwezi kujipa mwenyewe, na ukishapewa ndiyo wewe. Yangu ilikuwa vidole viwili vinavyopanda juu kutoka sikioni, mfano wa antena, kwa sababu kazi yangu ni kufunga mitandao na alizoea kuniona juu ya mapaa kuliko jikoni. Niliipenda alama ile kuliko jina alilonipa baba, na hilo nataka lijulikane kabla sijaendelea.

Basi mjomba alikuwa na ghala la mpunga pale Nyahanga, limekaa tupu. Akasikia kwamba mijini watu siku hizi wanakodi meza badala ya ofisi: mmoja mwanasheria, mwingine anauza bima, mwingine anachora ramani za nyumba, wote chumba kimoja, intaneti moja. Akapaka rangi, akaweka vigae, akanunua viti vya kuzunguka. Kisha akaniita. Mjomba ndiye aliyenisomesha chuo Mwanza baada ya baba kufariki, kwa hiyo akiniita siulizi ni saa ngapi.

Nilikwenda ghalani siku tatu mfululizo na futi kamba, daftari na simu. Nilihesabu viti thelathini na viwili, nikazidisha mara mbili, maana mtu haji na kompyuta bila simu mfukoni. Nikaandika nani atafanya nini: huyu barua pepe tu, huyu anapakia michoro mizito, wale wa pembeni watakuwa kwenye vikao vya video asubuhi nzima. Watu wa kwetu wakinunua intaneti huuliza inashusha kwa kasi gani. Hakuna anayeuliza inapandisha kwa kasi gani. Wenye laini nao wanalijua hilo, wanakuuzia barabara ambayo upande wa kuja ni wa malori na upande wa kwenda ni wa baiskeli. Mimi niligombana nao wiki nzima mpaka wakanipa laini yenye pande zote sawa, na sababu ya ugomvi ule alikuwa mdogo wangu.

Alikuwa amesomea ualimu na kumaliza vizuri. Mara mbili alikwenda kuomba kazi, mara mbili aliambiwa atasikilizaje simu ya ofisi. Halafu likatokea shirika moja la mbali linalofundisha watoto viziwi kwa video, mwalimu kwake, mtoto kwake. Walimtaka afundishe somo moja la majaribio, nusu saa, mbele ya watu watatu wanaomtazama kwenye skrini. Akifaulu, ana ajira. Alikuwa na miaka thelathini na moja, analala chumba kimoja na mama, na hajawahi kushika mshahara wake mwenyewe. Sisi tunaosikia, video ikikwama tunaendelea na sauti. Yeye picha ikikwama amenyamazishwa. Nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilimwambia kwa mikono yangu miwili: utafanyia kwa mjomba, mimi ndiye ninayepanga pale, usiwe na wasiwasi.

Nikaipanga kweli. Kila mtu nilimwekea kikomo chake ili asiwanyonye wenzake, na meza ya mdogo wangu, kule nyuma kwenye kijumba cha vioo, nikaitengea fungu lake lisiloguswa. Nikataka pia kumvutia waya mpaka mezani. Mjomba akakataa. Amesikia kuna mtandao usio na waya, sasa nyaya za nini, vigae vyake vipya vifungwe kamba kama zizi? Sawa. Nikatundika darini vile visahani vyeupe vya waifai, vitatu, kila kimoja mahali nilipopima kwa miguu yangu. Nilijaribu ghala zima, kona kwa kona. Ilikuwa kazi safi, na nasema hivyo bila aibu.

Wiki moja kabla ya ufunguzi mjomba akaniuliza bei ya kisahani kimoja. Nikamwambia. Akaangalia juu, akaniangalia mimi, kama mtu aliyegundua nimeacha dhahabu juu ya meza na kwenda chooni. Kesho yake nilikuta mchomeleaji ameshamaliza: makasha matatu ya bati nene, yamefungwa darini, kila kisahani kimo ndani ya lake, na kila kasha lina kufuli. Kwa chini alikuwa ametoboa vitundu kwa ajili ya joto. Kufuli zote tatu zilikuwa za ufunguo mmoja, na ufunguo huo nadhani mnajua ulikokuwa unaning'inia.

Nilimwambia. Namshukuru Mungu kwamba angalau mara moja nilimwambia. Nilimwamkia kwanza, nikapiga goti, nikamweleza kwa upole kwamba hii si nyaya, hii ni mawimbi, na chuma kinayazuia. Pale walikuwepo mchomeleaji, fundi rangi na wazee wawili marafiki zake wa machimboni.

"Ng'wanawane," aliniambia, mwanangu, kwa Kisukuma, na akitumia Kisukuma ujue anakubembeleza kama mtoto. "Dhahabu nimeilaza ndani ya chuma miaka thelathini. Kuna mteja aliyewahi kuikosa?"

Wazee wakacheka. Akatoa simu yake, akasimama chini kabisa ya kasha la katikati, akafungua video ya ng'ombe wa mnada, na video ikacheza. Bila shaka ilicheza! Ghala zima lilikuwa na simu moja, nayo ipo chini ya vitundu. Ningemwambia apeleke hiyo simu kule kwenye kijumba cha vioo. Ningemwambia avute viti thelathini na viwili, watu wote wawashe, ndipo aseme. Nilijua kila kitu cha kusema, nimekisomea, tena kwa pesa yake. Lakini kwetu mtoto hamrudii mkubwa mara ya pili mbele za watu, na huyu alikuwa mjomba, na mimi ni mwanamke niliyesimama katikati ya mafundi wa kiume wanaosubiri nitolewe nje. Nikakaa kimya. Nilirudi nyumbani, mdogo wangu akaniuliza kama mambo yako tayari, nikamjibu kwa kuinua kidole gumba.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Kasha ni la mjomba, lakini kidole kile ni changu.

Somo lilipangwa Alhamisi, saa nane mchana. Ufunguzi ulikuwa uwe Jumamosi, ukawahishwa kwa sababu mgeni rasmi alipata nafasi siku hiyo hiyo ya Alhamisi, na huyo huwezi kumwambia aje siku nyingine. Mjomba aliapa kwamba kijumba cha vioo hakitaguswa na mtu. Hakikuguswa, alitimiza ahadi yake. Mdogo wangu alikaa humo tangu saa sita, amevaa blauzi nyeusi ili mikono yake ionekane vizuri, na ukutani amebandika picha za maneno ya somo: maji, ndoo, kisima. Nje ya kioo ghala lilikuwa limejaa. Wageni wote wameunganishwa waifai ya bure, wote wanarekodi mgeni rasmi, wote wanatuma.

Saa nane na dakika tano nilimtazama kupitia kioo. Alikuwa anafundisha, uso mzima unacheka kama anavyofanya kwa watoto. Nikazunguka nyuma yake nikaangalia skrini. Wale watu watatu walikuwa wameganda. Picha yake yeye, kwenye kile kidirisha kidogo, ilikuwa inacheza vizuri, kwa hiyo mwenyewe hakujua. Akamaliza sentensi, akasubiri wamjibu, na wao bado wameganda, mmoja mdomo wazi. Halafu wakafufuka sekunde mbili, mikono inaruka vipande vipande, nikaelewa alama moja tu: hatukuoni.

Nilitoa simu yangu nimpe bando langu. Chini ya bati, ndani ya kuta zile za ghala, kistari kilikuwa kimoja na kinakufa. Fungu nililomtengea lilikuwepo, halijaguswa na mtu, limekaa upande wa pili wa chuma. Nikakimbia.

Mjomba alikuwa amekaa jukwaani karibu na mgeni rasmi, anasikiliza hotuba. Nilipita kwa kuinama, nikachuchumaa sikioni kwake. Nikamwambia mtoto wa dada yake anakosa kazi hivi sasa, anipe ufunguo, dakika mbili tu nifungue kasha la nyuma.

"Subiri wageni waondoke," alisema, bila kunigeukia.

Ufunguo ulikuwa pale, juu ya tai, nauona, ungetosha kuuvuta. Ningepaza sauti. Ningepanda kiti na nyundo nikaling'oa lile dude mbele ya mgeni rasmi na kamera zake zote, na ingekuwa aibu ya ukoo mzima, na mdogo wangu angekuwa na kazi. Lakini nilifanya nini? Nilisema, "Sawa, mjomba." Nikaenda kusimama ukutani, mikono mbele, mtoto mwenye adabu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Niliporudi kijumbani skrini ilikuwa nyeusi. Alikuwa anabandua picha zake ukutani, moja moja, anaviringisha gundi isichafue rangi ya mjomba. Hakunitazama. Akainua macho juu, kupitia kioo, kwenye kasha na vitundu vyake. Kisha akaniuliza kama nilijua. Kwa kusikia unaweza kusingizia hukusikia. Kwa alama huwezi, maana mtu amekukazia macho. Nikamwambia nilijua.

Waliandika wiki ileile, kwa heshima. Walisema hawakuweza kuiona mikono yake kwa kiasi cha kumpima, na kwamba wamempata mwingine.

Mwezi haukuisha, wapangaji wakaanza kunung'unika. Mjomba akamleta kijana kutoka Mwanza, ana begi jeusi na kadi ya jina kifuani. Kijana akaangalia juu, akasema chuma kinazuia mawimbi. Hayo tu, maneno yaleyale, hata goti hakupiga. Makasha yakashushwa kabla ya jioni. Siku hizi mjomba huwaeleza wageni kisa kile kwa kucheka, jinsi alivyojifunza kwamba waifai si dhahabu, na moja ya makasha yale mama analitumia kufugia vifaranga uani. Mimi nacheka nao wakicheka. Nimezoea.

Mdogo wangu hakunigombeza hata siku moja, afadhali angenigombeza. Anafua, anapika, anauza vitumbua vya mama asubuhi. Juzi tulikuwa tunachambua mchicha sisi watatu, mama akamuuliza kwa ile mikono yake ya kubahatisha nani atamtengenezea yeye mama redio yake. Mdogo wangu akafuta maji kwenye kanga, akajibu. Nilisubiri vidole viwili vipande kutoka sikioni, kama miaka yote. Alikunja ngumi ya mjomba, ile ya ufunguo, lakini hakuiweka kifuani. Aliizungushia mdomoni, akafunga.

Mama aliitazama alama ile, akanigeukia.

"Huyo ni nani? Simfahamu."

"Ni mimi, mama," nilisema.