Kaburi la Valary

Shiundu alikuwa na jicho la kuona jino dogo kama punje ya mchele katikati ya changarawe. Kwa miaka kumi na minane watafiti walimchukua kutoka chumba chake cha mtaa wa Lindi, Nairobi, wakaizunguka naye nchi: Olorgesailie kwenye mashoka ya mawe, Thimlich Ohinga kwenye kuta za kale, kisha Turkana kwenye mifupa. Akirudi, bintiye Valary humkalia magotini amsimulie mifupa aliyoiokota.

"Baba, huyo kiboko alikufa lini?"

"Kabla hakujakuwa na mtu wa kumwita kiboko."

Valary alikuwa na miaka saba homa ya mapafu ilipomchukua. Shiundu alikuwa Turkana, kambi isiyo na mtandao. Dereva alipokwenda mjini Lodwar kuchukua maji ndipo simu yake ilipoupokea ujumbe wa Magdaline, mke wa Shiundu. Shiundu alipofika Nairobi, mtoto alikuwa ameshazikwa na watu wa kanisa katika makaburi ya umma. Pesa za kumsafirisha hadi kijijini kwao Butere hazikupatikana.

Shiundu alisimama mbele ya msalaba wa mbao, akaahidi kumjengea bintiye kaburi la saruji. Lakini kazi iliita, akaondoka. Msimu mmoja ukazaa mwingine.

Mwaka wa nne walikwenda yeye na mkewe, wamebeba saruji na mwiko. Walihesabu safu mara tatu. Pale alipolala Valary palikuwa na tuta bichi na msalaba mpya: *Celine, miezi mitano.*

"Mzee, makaburi haya ni ya muda," mlinzi alisema kwa upole. "Safu hii ilichimbwa tena mwaka jana. Hamkuambiwa?"

Magdaline hakumtazama mlinzi. "Mifupa ya watu usiowajua unaisafisha kwa brashi, Baba Valary. Wetu ulimwachia nani?"

Shiundu alipiga magoti, akaanza kuondoa udongo kwa vidole, taratibu, kama alivyozoea. Mlinzi akapaza sauti. Magdaline ndiye aliyemshika mkono.

"Acha. Huyu pia ana mamake."

Akaacha. Walilia pale pale, kisha wakang'oa magugu yaliyoanza kumzingira mtoto wa watu. Saruji wakamwachia mlinzi.

Gari la watafiti lilipokuja Juni, Shiundu alitoka mlangoni akawaambia hataenda nao tena, magoti yanamsumbua. Siku hizi anauza makaa mtaa jirani wa Laini Saba. Kwenda makaburini, Magdaline huenda peke yake.