Ovaroli Yangu Nyeupe

Asbesto naijua, usinifundishe. Miaka kumi na tano niliyavisha asbesto mabomba ya mvuke katika kiwanda cha kemikali, nikiikanda kwa mikono mitupu. Sasa juzi nasikia mdogo wangu wa Kwihara kajipatia mabati ya asbesto yaliyong'olewa kwenye ghala bovu, anataka kuezekea jiko. Nikampakia mke wangu kwenye bajaji, tukaenda.

Tulimkuta ameshakata bati moja, shati limejaa unga mweupe. Mkewe kasimama na fagio.

"Weka msumeno chini!"

"Shikamoo kaka," akajibu, anacheka.

"Marahaba. Weka chini!"

"Kaka, wewe umelivuta vumbi hili miaka yote, na bado unafoka namna hii. Mbona mzima?"

Ni kweli, nimepimwa kifua, sina kitu.

Basi nikamweleza ujinga wetu. Kiwandani bafu lilikuwepo, na msimamizi alitusihi tuoge, tuache nguo za kazi hukohuko. Thubutu! Nani angejua nina ajira? Nilikatiza sokoni Tabora na ovaroli nyeupe kwa vumbi, kofia upande, watu wananinyooshea vidole: "Wa kiwandani huyo!" Nikifika nyumbani mke wangu anaipokea, anaitundika uani na kuicharaza fimbo kama godoro. Tena alijivuna kuliko mimi.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasikiliza.

"Shemeji," akasema, akatua kuvuta pumzi. "Mimi kiwandani..." Akatua tena, mkono kifuani. "Sijaingia hata siku moja."

Daktari alishatuambia mapafu yake yamekakamaa na hayatarudi yalivyokuwa. Inaniuma, na nitaisema mbele ya yeyote: vumbi lile nililileta mimi, kwa maringo yangu.

Mdogo wangu akauweka msumeno chini. Nikamnyang'anya shemeji fagio, nikaagiza maji. Tukalowesha bati, tukalowesha ua, mdogo wangu mwenyewe nikammwagia ndoo nzima na nguo zake mwilini. Mabati tukayafunika turubai mpaka mtendaji wa kijiji atuelekeze pa kuyapeleka. Jiko litaezekwa nyasi, na ubwabwa utaiva vilevile.

Mdogo wangu akavua shati lililolowa. Mkewe, kama alivyozoea kila jioni, akanyoosha mkono alipokee.

"Acha, mke wangu," akasema, akarudi nyuma. "Hili usiliguse."