Pumzi Nilizozikata

Studio ya redio yetu pale Buseresere zamani ilikuwa stoo ya mahindi. Kuta tulizibandika trei za mayai na vipande vya godoro, mpaka sauti ikawa inafia palepale mdomoni. Ukifunga mlango unasikia damu yako ikitembea masikioni. Wageni wengine walikuwa wanaomba mlango uachwe wazi. Mimi nilipapenda. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na yenyewe ya kusukumasukuma, lakini mbele ya ile kompyuta nilijiona prodyuza wa taifa zima.

Sifa yangu ilikuwa kukata pumzi. Mtu akiimba, kabla ya kila mstari anavuta hewa. Mimi naitoa yote, wimbo unabaki msafi kama sahani. Mtangazaji wetu wa mchana, dada mwenye mdomo, alinitania: "Fundi, wewe unanyonga watu! Ipo siku watakuja kukudai."

Kiangazi kile alikuja mchimbaji wa dhahabu wa rika langu, akaimba kwa Kisukuma wimbo wa kumsalimia mama yake. Sauti tamu, ila kifua kimejaa vumbi la mwamba, akivuta hewa kinakoroma kama mlango wa bati. Nikamsafisha. Tukawa tunaupiga wimbo wake kila saa sita mchana, kwenye kipindi cha salamu.

Mvua za kwanza, duara, lile shimo alilokuwa akichimba, likatitia. Wenzake walitolewa. Yeye alibaki chini. Kifusi kilikuwa kirefu mno, wakaacha.

Wiki ya tatu, asubuhi, mama yake akaingia studio, khanga begani, vumbi la safari miguuni.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa nyimbo?"

"Ndiye mimi, mama."

Akakaa. Akasema ndugu wamepanga kuanua matanga Jumamosi, watu wanyolewe, msiba uishe, na yeye amekataa. Mwili hakuuona. Kilichobaki ni ule wimbo, na wimbo wenyewe unamtisha.

"Nausikiliza kila siku. Sauti ni yake. Lakini anaimba mwanzo mpaka mwisho hapumui. Hapumui! Alipokuwa mdogo nilikuwa nalala nasikiliza kifua chake. Siwezi kumlilia huyo wa kwenye redio, simjui. Pumzi zake umeziweka wapi?"

Nilicheka kidogo, kwa woga. Halafu nikaona hatanii.

Kompyuta yetu ni ndogo, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nafuta baadhi ya rekodi za zamani. Nikatafuta faili moja moja. Ipo! Na mtindo wangu ni huu: nikikata pumzi sizitupi papo hapo, nazishusha kwenye mstari mwingine wa sauti, chini ya ule wa kuimba, na kuuzima, ili nikikosea nirudishe. Nikazima sauti ya kuimba, nikauwasha ule mstari. Nikafunga mlango.

Hhh. Kimya. Hhh. Kimya kirefu. Hhh.

Mtu asiye na maneno alikuwa anapumua mle chumbani, katikati yetu. Mama alifumba macho. Baadaye ndipo nikagundua kifua chake kinapanda na kushuka pamoja na kile cha kwenye spika. Changu pia.

Mwishoni, wimbo ukiwa umeshakwisha, ikaja pumzi moja ndefu, ya mtu anayetaka kusema neno. Halafu basi.

"Hapo alitaka kusema nini?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimemwinulia mkono anyamaze, muda umekwisha.

"Sijui, mama. Mimi ndiye niliyemkatisha."

Alinitazama sana. Kisha akanishika kichwa, kama mtu anayempapasa mtoto kuona ana homa. "Basi Jumamosi mpige redioni akiwa mzima. Na hiyo ya mwisho usiiache."

Jumamosi saa sita nikaupiga wimbo na pumzi zake zote, mlango nimeufungua. Barabara nzima ilikuwa imefungulia redio yetu: duka la vitambaa, vibanda vya simu, mama lishe. Redio zote zikavuta hewa kwa pamoja. Mama lishe aligeuka kutazama nyuma yake.

Ilipopita ile ya mwisho, niliacha kimya hewani, jambo ambalo redioni ni dhambi. Dada mtangazaji akagonga kioo cha studio: "Fundi, tumezimika?" Nikamwinulia kidole asubiri.

Baadaye jirani wa mama wa mchimbaji aliniambia kwamba mama alisikiliza mpaka ndani ya kile kimya. Kisha akaizima redio kwa mkono wake mwenyewe, akavua kilemba, akaomba wembe.