Wanataka Nitaje Mwanaume Aliyeniletea Saratani ya Koo

Admin, ukiposti ficha jina langu, hapa mtaani Mamboleo watu wananijua hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nauza omena, hawa dagaa wa ziwani. Mume wangu ni fundi wa mawe. Tangu anioe sijamjua mwanaume mwingine, wala kabla yake.

Mwaka huu nilivimba shingoni. Nikadhani ni matezi tu, nikawa nasukutua maji ya chumvi. Kumbe ni saratani ya koo. Nikamwuliza daktari imetoka wapi, na mimi sivuti sigara wala sinywi pombe. Akasema imeletwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho watu huambukizana kwa mapenzi, hata ya mdomo. Akaeleza vizuri kwamba wengi hukipata na mwili hukimaliza wenyewe, ila kwa wachache hukaa kimya miaka mingi. Nani alikuwa nacho kwanza, hakuna kipimo cha kuonyesha. Mume wangu alikuwa kando yangu. Alisikia mapenzi, yaliyofuata hakuyasikia.

Tulipofika nyumbani akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "Nyar Alego, mimi siko mgonjwa. Sasa hii kitu umetoa wapi?" Nikamjibu huenda ni yeye alikuja nacho kutoka ujana wake. Heri ningenyamaza. Alihamia chumba cha watoto, nao wako shule ya bweni, na siku hizi ninayeongea naye ni redio.

Anayenichanganya zaidi ni mama mkwe. Angekuwa mkorofi ningejua la kufanya. Alikuja kutoka kijijini, akanishika mkono, akalia. "Nyathina, mwanangu, mimi sikuchukii. Mwanamke akitoka nje halafu anyamaze, chira inamkausha hata apewe dawa gani. Wewe taja tu jina mbele ya wazee, tukupee manyasi unywe, ndio uende hospitali ukiwa msafi." Anaamini kabisa kwamba dawa hiyo ya miti shamba ndiyo itanitoa kwenye laana hiyo ya chira. Mume wangu naye ameapa kwamba nikitaja jina atanisamehe na kunisindikiza kwenye mionzi mpaka niimalize. Nisipotaja, niende peke yangu.

Mionzi inaanza Jumatatu. Daktari ameniambia nitafika mahali hata kumeza mate ni kazi, nisikose mtu wa karibu. Naogopa, jamani. Upweke huu unaniuma kuliko koo lenyewe.

Jana nikajikuta natafuta jina la kusema. Nikaona afadhali la marehemu, ambaye hawezi kukana. Aliyenijia akilini ni jirani yetu tuliyemzika mwaka jana. Tatizo ni mjane wake. Ndiye mtu pekee anayeingia kwangu, ananipikia uji na tunakunywa kikombe kimoja.

Ndugu zangu, nidanganye nimpate mume wangu, au nikatae niende peke yangu? Nijibuni upesi. Huyo mjane yuko jikoni kwangu sasa hivi, anauliza kama uji uongezwe sukari.